Sahani ya Mama, Kijiko cha Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lishe Mwanza na Kando ya Ziwa

Maswali haya ni yale ambayo akina mama, akina baba na mabibi huyarudia kwenye kliniki ya mama na mtoto, sokoni na majumbani, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Magu, Sengerema na Ukerewe. Yanaanza na ya msingi na kuishia na hali za pekee, na jibu linalohitaji maelezo yaliyokwisha kutolewa litakuelekeza kwenye swali husika. Hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya mtoa huduma aliyekuona wewe au mtoto wako kwa macho.

## Mambo ya msingi

1. Sisi tunakula chungu kimoja nyumba nzima. Kwa nini lishe ya mama na mtoto izungumzwe peke yake?

Chungu ni kimoja, lakini mahitaji si mamoja. Tuchukue madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 8 kwa siku. Mwanamke anayeendelea kupata hedhi anahitaji 18, na akiwa mjamzito 27. Mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili, ambaye uzito wake haujafika hata kilo kumi, anahitaji takriban 11, yaani kuliko baba yake, na anatakiwa kuyapata kupitia tumbo dogo linalojaa kwa vijiko vichache.

Sasa tazama namna chungu hicho kinavyogawanywa. Katika nyumba nyingi kipande cha samaki huenda kwa baba, mkia kwa watoto wakubwa, na mama hubaki na kichwa au na mchuzi, huku mdogo kabisa akilowekewa ugali kwenye mchuzi huohuo. Mchuzi una ladha na chumvi, lakini protini na madini mengi yamebaki kwenye nyama na mifupa. Sehemu kubwa ya matatizo yanayoelezwa hapa chini huanzia kwenye mgao huo, hata pale ambapo chakula chenyewe kipo.

2. "Siku 1,000" zinazotajwa kliniki ni zipi?

Ni siku takriban 270 za ujauzito na siku 730 za miaka miwili ya mwanzo ya mtoto. Katika kipindi hicho ubongo na mifupa hukua kwa kasi ambayo hairudi tena. Mtoto aliyekosa virutubishi kwa muda mrefu katika siku hizo hudumaa, yaani huwa mfupi kuliko umri wake, na mara nyingi uwezo wake wa kujifunza huathirika pia. Kitaifa, watoto waliodumaa walikuwa asilimia 34 ya walio chini ya miaka mitano katika utafiti wa afya wa 2015/16, na asilimia 30 katika ule wa 2022. Kupungua kumekuwepo, lakini bado ni karibu mtoto mmoja kati ya watatu.

3. Iweje watoto wadumae mahali penye samaki wengi kama hapa?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, na pengine kwa hasira kidogo, nayo ni hasira yenye haki. Jibu la kwanza ni kwamba samaki wa ziwani ni biashara kabla ya kuwa kitoweo. Minofu ya sangara huenda viwandani na kusafirishwa nje, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, huuzwa kwa bei kubwa, na kinachobaki mjini ni mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyoshikiwa na nyama kidogo. Dagaa nao hununuliwa kwa magunia pale Mwaloni, Kirumba, wengine wakielekea nchi jirani na wengine kwenye vyakula vya kuku. Familia ya mvuvi inaweza kuuza samaki wote na kununua unga.

Jibu la pili ni muda wa mama. Mchuuzi wa dagaa huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Mtoto wa miezi tisa huachwa na dada yake wa miaka kumi pamoja na chupa ya uji mwepesi, na uji huo ndio chakula chake mpaka jioni. Hakuna somo la lishe litakalofaa nyumba hiyo kama halimgusi huyo dada na ile chupa.

Jibu la tatu ni maradhi. Malaria, minyoo, kichocho na kuharisha kunakotokana na maji yasiyo salama huondoa mwilini kile ambacho mdomo umeingiza. Kuchemsha maji, choo, chandarua na dawa za minyoo, kwa hiyo, ni sehemu ya lishe, ingawa haviliwi.

4. Sina uwezo wa kununua nyama. Nitapataje mlo kamili?

Kipimo kinachotumika ni idadi ya makundi ya vyakula, si bei. Mwanamke anashauriwa kula angalau makundi matano kati ya kumi kwa siku, na mtoto wa miezi 6 hadi 23 angalau matano kati ya manane, maziwa ya mama yakihesabiwa kuwa kundi mojawapo. Ugali, dagaa, matembele yaliyoungwa kwa karanga, na embe moja baadaye: hapo mama amekwisha kufikisha makundi matano bila kugusa bucha. Kosa la kawaida ni kuhesabu ugali, wali, viazi na ndizi za kupika kama vyakula vinne, ilhali vyote ni kundi moja.

5. Je, ugali wa udaga una madhara?

Udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, ukitayarishwa vizuri hauna tatizo, ila una protini kidogo sana, kwa hiyo usiliwe na mlenda mtupu siku baada ya siku. Hatari ipo kwenye muhogo mchungu usioloweshwa au kuvundikwa muda wa kutosha, kwa kuwa hubaki na sumu ya sayanaidi. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, muhogo ulioandaliwa kwa haraka ulihusishwa na mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ambao huwapata zaidi wanawake na watoto. Protini ya samaki huusaidia mwili kuivunja sumu hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kutoula udaga bila kitoweo.

## Ujauzito

6. Vidonge vya kuongeza damu nianze lini, na mbona vinanichafua tumbo?

Vidonge hivyo vina madini ya chuma na asidi ya foliki. Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku katika ujauzito wote. Mrija unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku takriban 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Anayepanga kubeba mimba anafaa kuanza asidi ya foliki kabla, na anayejigundua ahudhurie kliniki mapema bila kungoja tumbo lionekane.

Kichefuchefu na choo kigumu ni vya kweli. Kumeza kidonge usiku pamoja na chakula husaidia wengi, na choo cheusi ni chuma kilichobaki, si damu. Jambo moja wengi hawaambiwi: vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5 vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hupunguza nguvu ya SP, dawa anayopewa mjamzito kumkinga na malaria. Usijiongezee dozi.

Damu iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu kwa mjamzito. Mara nyingine chanzo si chakula bali malaria, minyoo, kichocho au selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu (tazama swali la 15).

7. Chai ya rangi inakula damu?

Haili damu, ila tanini zake hushika chuma kilicho kwenye mboga, nafaka na vidonge kisifyonzwe. Kunywa chai saa moja au mbili mbali na mlo. Ndimu, pera, papai na embe hufanya kinyume chake, kwa kuwa vitamini C huongeza ufyonzaji.

8. Bibi anasema nisile mayai, mtoto atazaliwa bila nywele, na nisishibe sana ili mtoto asiwe mkubwa nikapasuliwa. Je, ni kweli?

Yai halimfanyi mtoto azaliwe bila nywele. Hofu ya upasuaji, hata hivyo, tusiidharau, maana bibi aliyeisema huenda alimzika mtu. Lakini kujinyima hakupanui nyonga, na kunachopunguza ni akiba ya mama pamoja na uzito wa mtoto, ambaye akizaliwa chini ya kilo 2.5 huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua na kufa. Mwanamke aliyeanza mimba akiwa na uzito wa kawaida anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Kinachotakiwa ni nyongeza ya kilokalori takriban 340 kwa siku katika miezi mitatu ya kati na 450 katika ile ya mwisho, yaani bakuli moja la ziada la chakula cha kawaida. "Kula kwa watu wawili" kumetiwa chumvi pia.

9. Natamani udongo kila siku. Ni mwili unaomba madini?

Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, lakini udongo hautibu upungufu huo. Huzuia chuma kisifyonzwe na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mweleze mhudumu wa kliniki bila aibu, upimwe damu. Kwa wengine hamu hupungua damu inapopanda.

## Kunyonyesha

10. Mwanza kuna joto. Kwa nini nisimpe mtoto maji kabla ya miezi sita?

Kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi, na maziwa ya mwanzo wa kila unyonyeshaji ni mepesi. Maji ya kikombe hujaza tumbo bila kulilisha na hufungua mlango wa kuharisha. Dang'a nayo, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, isikamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

11. Nikila vibaya, maziwa yangu yatakuwa mabaya?

Hapa mwili wa mama hufanya jambo la ajabu, na la kuumiza kidogo. Baadhi ya virutubishi hupanda na kushuka ndani ya maziwa kulingana na mlo wa mama: vitamini A, vitamini nyingi za kundi B, na madini joto. Mama asipovipata, mtoto naye hapati vya kutosha. Kalisi (kalsiamu) na chuma havibadiliki kwa namna hiyo, kwani mlo ukipungukiwa kalisi mwili huichukua kwenye mifupa ya mama. Maziwa yanabaki mazuri na mama ndiye anayelipa.

Kwa hiyo mama anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku, mboga za majani zilizotiwa mafuta, samaki anayeliwa na mifupa, na chumvi yenye madini joto, ambayo inafaa kutunzwa kwenye chombo chenye mfuniko na kutiwa chakula kinapokaribia kuiva. Ama wingi wa maziwa, hutokana zaidi na kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki anatoshelezwa, hata kama analia.

12. Mtoto wangu amekonda baada ya mimi kushika mimba nyingine. Wanasema amebemendwa.

Imani ya kubemenda, kwamba tendo la ndoa wakati wa kunyonyesha huharibu maziwa na kumdhoofisha mtoto, imewatia wanawake wengi aibu, na wengine huchelewa kumpeleka mtoto hospitali kwa kuogopa kunyooshewa vidole. Tendo la ndoa haliyaharibu maziwa. Hata hivyo waliounda neno hilo waliona jambo la kweli, kwamba mtoto hudhoofu mdogo wake anapokuja upesi. Huachishwa ziwa ghafla, hupewa uji mtupu, na mama aliyechoka hana muda naye. Neno "kwashiorkor", ambalo daktari Cicely Williams alilitambulisha katika tiba miaka ya 1930, linatoka katika lugha ya Kiga ya Ghana, nalo linahusu ugonjwa wa mtoto aliyepokewa nafasi na mdogo wake. Kiswahili kinauita unyafuzi.

Mjamzito mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha huku akiongeza chakula. Mtoto aliyekonda apimwe siku hiyohiyo (tazama swali la 17).

## Baada ya miezi sita

13. Aanze na nini, na kiasi gani?

Anza na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kilichopondwa, mara mbili au tatu kwa siku, ukiongeza hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku, nusu kikombe kila mara, na kuanzia mwaka mmoja robo tatu hadi kikombe kizima, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uzito wa uji ndio kipimo muhimu kuliko vyote: ukiinamisha kijiko, uji ushuke polepole. Ukimwagika kama chai, umempa maji yenye rangi.

Mtoto awe na sahani yake. Anapokula sinia moja na kaka zake hakuna anayejua amekula tonge ngapi. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja.

Unga wa lishe wenye nafaka saba au nane huuzwa sana, lakini wingi wa majina kwenye pakiti si wingi wa virutubishi. Mahindi, mchele, ulezi na mtama ni kundi lilelile la swali la 4, na karanga zilizosagwa pamoja nazo huharibika upesi. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ni salama zaidi kutumia nafaka moja iliyokauka vizuri na kuongeza karanga, dagaa au yai wakati wa kupika. Ukitia kijiko cha kimea cha mtama kwenye uji mzito uliopoa kidogo, utalainika bila kuongezwa maji. Uchemshe tena kabla ya kumpa.

14. Dagaa wanafaa kwa mtoto? Vichwa nivitoe?

Wanafaa kuliko karibu kitu kingine chochote kinachopatikana hapa kwa bei hiyo. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ndiyo kalisi, ilhali mnofu wa sangara, pamoja na heshima yake yote, hauna mifupa hiyo. Chuma na zinki zake pia hufyonzwa vizuri kuliko vya majani, na huvisaidia vile vya mboga iliyo sahani moja nao.

Chagua waliokaushwa kwenye vichanja. Mkunje mmoja: aliyekauka vizuri huvunjika kwa sauti, ana rangi ya fedha, na hanuki uchachu. Wa mchangani utawajua ukisugua kiganja, nao hata uwaoshe mara tatu mtoto atasaga mchanga. Waoshe upesi kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe juani, uwakaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wawe wakavu kabisa, kisha watwange na kuchekecha. Kijiko kimoja cha unga huo hutiwa kwenye uji au viazi vilivyopondwa kabla ya kuepua. Vichwa vikiwa vichungu na mtoto akakataa, toa baadhi, lakini usivitupe vyote kwa mazoea.

Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa kama Kabode au Ejumula, ni mwenzi mzuri wa dagaa: gramu 125 hivi zinamtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku, mradi kuna mafuta kidogo. Michembe yake, yaani vipande vilivyokaushwa, hupoteza vitamini hiyo kadiri inavyokaa ghalani. Kula kiazi hicho hakumzuii mtoto wa miezi 6 hadi 59 kupata matone ya vitamini A yanayotolewa kila miezi sita.

## Hali za pekee

15. Mtoto wangu ana selimundu na damu ipo chini. Nimpe dawa ya chuma?

Usimpe bila daktari kuagiza. Chembe nyekundu za damu yake huvunjika mapema, lakini chuma chake hubaki mwilini, na mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi. Anachohitaji kwa kawaida ni asidi ya foliki, maji ya kutosha na mlo mchanganyiko. Dagaa na mboga ale kama wengine.

16. Naishi na VVU. Ninyonyeshe?

Ndiyo, ikiwa unatumia dawa za kufubaza virusi bila kukatisha. Maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, kisha chakula pamoja na maziwa hadi angalau miezi 12, na unaweza kuendelea hadi 24. Mtoto apewe dawa yake ya kinga na kupimwa kwa ratiba. Hatari zaidi ni kuchanganya maziwa na uji katika miezi sita ya mwanzo.

17. Nitajuaje kuwa utapiamlo umekuwa mkali?

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mkono ukionyesha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba: shimo likibaki, mtoto ana uvimbe, na huyo ni mgonjwa hata kama mashavu yamejaa na majirani wanamsifia unene. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usianze kumshindilia chakula nyumbani, kwa kuwa mwili uliodhoofika huhitaji kulishwa kwa utaratibu maalumu.

18. Wakati wa mbalamwezi dagaa huadimika na bei hupanda. Nifanyeje?

Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiangaza taa hazina kazi, kwa hiyo upungufu huo unajulikana tarehe zake kabla. Nunua kipindi cha giza, warudishe juani siku moja hata kama muuzaji amekuapia kuwa wamekauka, kisha uwafunge kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na sakafu. Gawa kabisa fungu la mtoto na ulisage mapema, kwa sababu dagaa wazima watapikiwa mgeni wa kwanza atakayebisha hodi. Wakiisha kabla ya giza kurudi, maharage, kunde na karanga vitashika zamu, pamoja na ndimu (swali la 7), na yai moja la kuku wa nyumbani lipikwe badala ya kupelekwa gengeni.